Chombo cha anga kinachojizaa kibebe kompyuta gani?

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni kijana wa Tabora, nasomea umeme mwaka wa pili. Baba yangu anafuga nyuki huko Sikonge. Nimesoma habari za vyombo vya anga ambavyo vikifika kwenye nyota nyingine vitachimba mawe, vijitengenezee vingine kama vyenyewe, na watoto hao nao waendelee mbele. Wenzangu hosteli wanabishania roketi. Mimi nauliza kompyuta. Simu yangu ya laki mbili inaishinda kompyuta iliyowapeleka watu Mwezini. Si tungeweka tu prosesa bora iliyopo tukamaliza? Na ile programu ikinakiliwa kizazi hadi kizazi, haitaharibika?

Jibu: Marahaba, mtani wangu. Umegusa penyewe. Wenzako waache wabishane. Hata roketi ikipatikana kesho asubuhi, kompyuta itabaki imekwama, na haitakwama kwa kukosa akili.

Kuhusu simu uko sahihi, tena kuliko unavyodhani. Prosesa ya simu nzuri ya leo ina transista, yaani viswichi vidogo vya umeme, zaidi ya bilioni 10, na prosesa za simu zimeshafika mbali. Ingenuity, ile helikopta ndogo iliyoruka mara 72 kwenye sayari ya Mars kati ya Aprili 2021 na Januari 2024, iliendeshwa na Snapdragon 801, prosesa iliyotengenezwa kwa ajili ya simu. Kubeba, basi, kunawezekana. Lakini wewe hukuuliza chombo kinachobeba. Umeuliza kinachozaa. Mtoto atataka kompyuta yake, mjukuu ya kwake, na huko waliko hakuna Kariakoo.

Njoo kwanza kwenye meza yangu hapa Kibirizi, Kigoma. Wiki mbili zilizopita mwenye mtumbwi wa dagaa aliniletea kidhibiti chaji cha sola. Taa zake za usiku zilikuwa zimegoma. Nikafungua skrubu nne, nikakuta mosfeti moja, aina ya transista, imetoboka katikati, kitundu kama cha sindano, na bodi pembeni yake imebabuka rangi ya kahawa. Nikaigusa kwa mita, ikalia bila kukoma: shoti. Kuing'oa kwa hewa ya moto zilikuwa dakika tatu. Kuipata nyingine zilikuwa siku sita, ikaja kwa basi kutoka Dar es Salaam imeviringishwa kwenye karatasi ya daftari. Siku zote hizo yule bwana alirudi kwenye karabai, na lawama zote zangu.

Hesabu nilichokuwa nacho mezani: mikono, mchoro wa saketi, umeme, lenzi ya kukuzia, na miaka ishirini na ushee ya kazi. Kilichokosekana ni transista moja ya bei ya soda. Ningefungiwa ndani mwaka mzima nisingeitengeneza. Hapo ndipo chombo chako kinapokwama.

Na Kigoma tuna kielelezo kikubwa kuliko mosfeti. Meli ya Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen. Ikafumuliwa, ikafungwa kwenye makasha yapatayo 5,000, ikavuka bahari hadi Dar es Salaam, ikapanda reli ya kati ikipitia kwenu Tabora, ikaunganishwa upya hapa ufukweni na kushushwa ziwani mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha isitekwe. Ikaibuliwa 1924 na kurudi kazini 1927. Watu waliigonga riveti papa hapa, bati kwa bati. Lakini bati lenyewe halikuyeyushwa Kigoma, wala boila haikuchongwa Kigoma. Ungeiomba Kigoma ya mwaka 1915 izae Liemba ya pili, ingekuuliza: makasha yako wapi?

Vitu vingi vinavyotangazwa kuwa vinajizaa huwa vinaunganisha makasha tu. Mwaka 2008 mradi wa RepRap, ulioanzishwa na Adrian Bowyer wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, ulionyesha printa ya plastiki iliyochapa vipande vya printa mwenzake. Kazi nzuri, siibezi. Ila mota, fito za chuma na bodi ya umeme vilinunuliwa dukani. Watu wa fani hii wanaviita vitu vya namna hiyo vitamini: mwili unavihitaji kidogo tu, lakini hauwezi kujitengenezea.

Sasa wafikirie nyuki wa baba yako. Kundi likigawanyika, malkia mzee anatoka na wenzake wamejaza asali tumboni, wanaacha mzinga wenye masega na malkia mpya njiani. Asali ile ni akiba ya safari. Nta ya masega mapya hawaibebi, wanaitoa kwenye miili yao. Malkia akipotea, wanachukua buu wa kawaida aliye mchanga bado, wanambadilishia chakula, anakuwa malkia. Mzinga mzima hauna kipuri hata kimoja kinachoagizwa nje ya pori. Hiyo ndiyo sifa tunayoitafuta, na chipu, kile kipande cha silikoni kinachobeba transista, ndiyo inayoiharibu.

Wapo watakaokuambia: chipu ni nyepesi, beba fungu la kutosha. Tufanye hesabu. Chipu ya gramu moja. Kilo moja inakupa chipu 1,000. Mama akimgawia mtoto nusu, na mtoto akimgawia wake nusu, baada ya vizazi kumi hivi kila chombo kimebaki na chipu moja mkononi, na jumla ya vyombo vyote kamwe haitapita 1,000. Ukibeba tani moja unaongeza vizazi kumi tu. Huo si uzazi. Ni mirathi inayogawanywa mpaka iishe. Mwaka 1980 NASA, shirika la anga la Marekani, iliwakusanya wataalamu kwenye Chuo Kikuu cha Santa Clara, California, wakachora kiwanda cha Mwezini cha kujikuza chenyewe kutokana na mbegu ya tani 100. Vyuma, vioo na keramiki walivipatia njia. Vifaa vya umeme ndivyo vilivyoendelea kuwaumiza kichwa.

Nadharia yenyewe ilimalizwa mapema. John von Neumann, mwanahisabati mzaliwa wa Budapest, aliifundisha mwishoni mwa miaka ya 1940, na maandishi yake yakatolewa na Arthur Burks mwaka 1966, miaka tisa baada ya kifo chake. Tatizo alilolitatua ni hili. Mashine ikitaka kujinakili kwa kujitazama yenyewe, itabidi ijifungue, na ikijifungua imekufa. Ikibeba mchoro wake, je, mchoro nao uonyeshe mchoro? Utakuwa kama kinyozi aliyetundika vioo viwili vinavyotazamana. Jibu lake: ule mkanda wa maelekezo utumike mara mbili kwa namna mbili tofauti. Mara ya kwanza unasomwa na kutiiwa, mtoto anajengwa. Mara ya pili hausomwi kabisa. Unanakiliwa herufi kwa herufi kama mtu wa fotokopi anavyonakili cheti cha mtu asiyemjua, kisha nakala inawekwa tumboni mwa mtoto. Baadaye, muundo wa DNA ulipojulikana mwaka 1953 na kazi zake kufuatiliwa, ikaonekana chembe hai zinafanya hivyo hivyo. Bakteria wa E. koli ana herufi za kinasaba milioni 4.6; ukizigeuza kuwa biti, zile sifuri na moja za kompyuta, ni megabaiti moja na kidogo, chini ya picha moja ya simu yako. Lakini usidanganyike na udogo huo: yeye anaogelea ndani ya supu yenye viungo vilivyokwisha kupikwa. Chombo chako kinatua juu ya jiwe.

Kwa hiyo kwa nini prosesa ya simu haizaliki juu ya jiwe? Kwa sababu nyuma yake kuna nchi nzima, na nusu ya dunia nyingine. Mistari yake midogo kabisa inachorwa kwa mwanga wa nanomita 13.5, usioonekana, unaopatikana kwa kupiga kwa leza matone ya madini ya bati yaliyoyeyushwa, matone 50,000 kila sekunde. Mashine hizo zinatengenezwa na kampuni moja tu duniani, ASML ya Uholanzi, na kila moja ni mzigo wa zaidi ya tani mia moja. Silikoni yake lazima iwe safi kwa asilimia 99.9999999. Ongeza maji yaliyochujwa kuliko ya hospitali, asidi, gesi za sumu, na vyumba visivyo na punje ya vumbi. Chombo kinachotaka kumzalia mtoto wake prosesa ya simu lazima kwanza kimzalie kiwanda hicho, na kila nati ya kiwanda hicho.

Msimamo wangu, na wapo wenzangu wasioupenda, ni huu: kompyuta ya chombo kinachojizaa ichaguliwe kwa urahisi wa kuzaliwa kwake. Kasi ni jambo la mwisho. Safari yenyewe ndiyo inayonipa haki ya kusema hivyo. Voyager 1, chombo cha anga cha Marekani, inakwenda kilomita 17 hivi kwa sekunde. Kwa mwendo huo nyota iliyo jirani yetu zaidi, Proxima Centauri, iliyo umbali wa miaka ya nuru 4.24, ingefikiwa baada ya miaka kama 75,000. Mtu aliyesafiri miaka yote hiyo, akifika anakimbilia wapi? Hesabu ya sekunde moja ichukue wiki, hakuna atakayekosa treni.

Ukikubali hapo, milango inafunguka. Intel 4004 ya mwaka 1971 ilikuwa na transista 2,300, na mistari yake ilikuwa mikromita 10. Unywele wako ni mnene mara kadhaa kuliko huo. Mwaka 2018 kijana Mmarekani, Sam Zeloof, alitengeneza chipu ya transista 6 kwenye gereji ya kwao. Alianza na kisahani cha silikoni cha kununua, kwa hiyo vitamini bado zipo, ila umeona kimo cha ukuta kimeshuka kutoka Uholanzi hadi gereji. Na kompyuta ya Apollo, ile iliyowapeleka watu Mwezini unayoicheka, mtani, ndiyo ninayoipenda zaidi katika hadithi hii. Mantiki yake yote ilijengwa kwa aina moja tu ya mlango, yaani saketi ndogo ya kuamua: NOR ya miguu mitatu ya kuingizia, inayotoa moja pale tu miguu yote ikiwa sifuri, takribani milango 5,600. Fikiria maana yake kwa mzazi: kipuri kimoja, mchoro mmoja, kosa moja la kulijua. Ukishajua kutengeneza NOR moja inayofanya kazi, kilichobaki ni subira.

Halafu kuna kitu tunachokilipia sana huku chini ambacho kule ni bure, nacho ni utupu. Badala ya mwanga unaweza kuchora mistari kwa mshale wa elektroni, unaohitaji utupu ili ufanye kazi. Viwandani mshale huo hautumiki kwa uzalishaji mkubwa kwa sababu unachora polepole, mstari baada ya mstari, kama fundi wa kudarizi. Kule kwenda polepole si kosa. Upande wa pili ni shida: maji ni ya kutafuta, joto halina hewa ya kulipeperusha, na klorini, ambayo hutumika kusafishia silikoni, ni adimu kwenye mawe ya angani. Kila gramu ya klorini itabidi irudishwe kwenye mtungi na kutumika tena, maana ikivuja, uzazi umekoma. Mimi ningeweka nguvu zaidi kwenye ule mtungi kuliko kwenye programu ya akili bandia ambayo kila kijana anataka kuizungumzia. Uchafu wa makusudi unaotiwa kwenye silikoni ili ipitishe umeme tunavyotaka ni mdogo mno kwa kiasi, na bahati nzuri fosforasi imo kwenye vimondo vya chuma, huku alumini ya kwenye mawe ikiweza kushika nafasi ya boroni.

Kumbukumbu nayo ina hadithi yake. Programu za Apollo hazikuandikwa kwenye chipu, zilisukwa. Wanawake kiwandani huko Massachusetts walipitisha waya kwa mkono kwenye maelfu ya pete ndogo za sumaku. Waya ukipita ndani ya pete ni moja, ukipita nje ni sifuri. Maneno 36,864, kama kilobaiti 72, yamekaa pale kama ukili kwenye mkeka. Mionzi ya anga inaweza kugeuza biti kwenye simu yako, lakini haiwezi kuhamisha waya kutoka ndani ya pete kwenda nje. Na pete zinatengenezwa na nini? Aloi ya nikeli na chuma. Nenda Songwe ukakiangalie kimondo cha Mbozi: chuma kama asilimia 90, nikeli asilimia 8 na ushee, kimeanguka chenyewe kutoka angani. Ukomo wake ni nafasi. Kuhifadhi gigabaiti moja kwa kusuka ungehitaji kumbukumbu za Apollo zaidi ya 13,500. Kwa hiyo zisukwe programu zile tu ambazo zikipotea hakuna wa kuzirudisha: namna ya kuwasha, namna ya kusoma mkanda, namna ya kuukagua. Mengine yakae kwenye mkanda wa kawaida unaoandikwa upya kila baada ya muda.

Hapa naingia swali lako la pili, ambalo nalo si dogo. Ndiyo, programu itaharibika kama ukiiacha. Mkanda wa gigabaiti moja una biti bilioni 8. Nakili kwa umakini wa kukosea biti moja kati ya bilioni, na kila mtoto anazaliwa na makosa 8, mjukuu 16, hivyo hivyo. Dawa tunayo tangu mwaka 1950, Richard Hamming alipoonyesha kwamba ukiongeza biti chache za ukaguzi unaweza kulijua kosa na kulisahihisha. Kazi yake ni ile ya karani wa bandarini: haangalii kila dagaa ndani ya gunia, anajumlisha magunia na kulinganisha na namba iliyo chini ya karatasi. Namba ya uhakiki ikiwa na biti 256, uwezekano wa mkanda mbovu kupita kwa bahati ni mdogo kiasi kwamba hautatokea.

Juu ya hapo unaweka kura. Vyombo vya Marekani vya Space Shuttle vilikuwa na kompyuta tano. Nne ziliendesha programu moja na kukaguana, ya tano ikiwa na programu iliyoandikwa na watu wengine, ili kosa la kikundi kimoja lisiwaue wote. Kwa chombo chako ningeweka tatu za NOR zinazopiga kura kila hatua. Mbili zikikubaliana, ya tatu inazimwa na kuyeyushwa.

Penye mwiba ni hapa. Mkaguzi naye ni sehemu ya mashine, na mkaguzi naye ananakiliwa. Mkanda ukiharibika, mkaguzi anaukataa. Mkaguzi akiharibika kwa namna ya kukubali kila kitu, umepata ukoo usiokataa kosa lolote, na kuanzia hapo yatakayodumu ni yale makosa yanayozaa haraka. Ndiyo maana mwaka 1983 wanasayansi Carl Sagan na William Newman, wakimjibu mwenzao Frank Tipler aliyedai kwamba kama viumbe wengine wangekuwepo vyombo vyao vya namna hii vingekuwa vimeshatufikia, walisema jamii yenye akili haitavijenga kabisa, na itaviharibu ikivikuta. Mimi siendi mbali hivyo. Ningesuka mkaguzi kwenye pete, na ningemzuia mama asimwashe mtoto wake mwenyewe: mtoto asome mkanda wake wote, atoe namba ya uhakiki, na chombo cha ukoo mwingine kiikague. Kama hakuna wa ukoo mwingine wa kukagua, asiwashwe, asubiri. Tumeshakubaliana kwamba hakuna haraka.

Kuna faida moja ambayo watu huisahau. Novemba 2023 Voyager 1 ilianza kutuma takataka. Chipu moja ya kumbukumbu, kwenye kompyuta ya miaka ya 1970, ilikuwa imekufa. Wahandisi walikata programu vipande, wakavihamishia kwenye nafasi nyingine za kumbukumbu, kwa amri zinazosafiri saa 22 na nusu kwenda na nyingine kama hizo kurudi, na Aprili 2024 ikaanza kueleweka tena. Walichoweza kufanya ni kuzunguka tundu; kuweka chipu mpya, hapana. Chombo chenye uwezo wa kutengeneza NOR zake kingechomoa ile mbovu na kutia mpya bila kumpigia mtu simu. Safari ya miaka 75,000 haiwezekani bila hilo, hata kama hutaki mtoto hata mmoja. Uzazi ni ukarabati uliokamilika.

Ukitaka kuanza leo, tafuta IC, yaani chipu, ya 4001 hapo Tabora. Hata kwenye bodi za zamani za tahadhari za wizi utaipata. Ina milango minne ya NOR ya miguu miwili. Unganisha milango miwili kwa msalaba, tokeo la huu liingie kwenye mguu wa ule, na ule kwenye huu, kisha shusha miguu iliyobaki kwenye hasi kwa rezista za kiloomu 10. Gusisha mguu mmoja chanya kidogo tu na uachie: itakumbuka. Hiyo ni biti moja, na kwenye IC yako bado imebaki nafasi ya nyingine. Pini ya 14 ni chanya, ya 7 ni hasi. Ukizigeuza utaisikia harufu, na itabidi usubiri basi kama mimi.